Nilimwita Mke wa Mwanangu Mchawi kwa Sababu ya Bando

Nimekosa, wasomaji. Nimekosa vibaya, tena kwa umri ambao mtu hatakiwi kukosa namna hii.

Mimi ni bibi wa huku Rungwe, upande wa Kisiba. Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma nasoma, na jina la mtu nikilisikia mara moja halinipotei. La kwangu naomba mlifiche. Naona aibu hata mbele ya kuku wangu. Ya wengine nayaacha kama yalivyo.

Nilimwita mke wa mwanangu mchawi. Mbele za watu! Kisa bando!

Mwanangu Ambokile yuko machimboni Chunya. Alipokuja Krismasi aliniletea simu ya tachi ili kila Jumapili nikitoka kanisani apige tuonane uso kwa uso. Bando la wiki ananitumia yeye, Jumatatu asubuhi. "Mama, hili litakufikisha Jumapili, wala usiwe na wasiwasi."

Halikunifikisha. Jumatano ujumbe unaingia kwamba limeisha. Jumapili anapiga ya kawaida, nasikia sauti, sura siioni. Mimi nilitaka kumwona kama anakula vizuri.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Atupele mke wa Ambokile, na binti yao Lugano wa miaka minne. Atupele ana simu yake. Nikimwona amekaa jikoni ameiinamia anacheka, moyo unaniambia, lile pale bando langu linachekewa!

Halafu jirani yangu Sekela akanimwagia mafuta ya taa kwenye moto. Tulikuwa tunamenya ndizi.

"Siku hizi wanavuta hewani, juba," akaniambia. Huku kwetu mama mtu mzima tunamwita juba. "Inaitwa hotspoti. Wewe umekaa hivi, mwenzio anakunyonya."

"Bila kuigusa simu yangu?"

"Bila kuigusa! Tena anakusalimia."

Basi nikaanza ulinzi. Nilifanya kama nilivyokuwa nalinda sukari watoto walipokuwa wadogo. Simu naizungushia kitenge, nafunga fundo langu ambalo mtu mwingine akilifungua nitajua, naiweka kwenye sanduku la bati, kufuli, ufunguo shingoni. Naitoa kuichaji tu, tena nimekaa hapo hapo naiangalia. Data sikuzima. Nani aliniambia data inazimwa? Nilijua simu ukiifunika inalala, kama mtoto.

Wiki ya kwanza nafungua sanduku: bando limeisha!

Fundo liko vile vile. Kufuli liko vile vile. Nikakaa kitandani. Mwizi tunamjua, anavunja kufuli. Anayekula kilichofungiwa ndani bila kuvunja, huyo kwetu ana jina lingine.

Atupele alipita mlangoni akaniona. Akauliza nina nini, nikamwambia bando. Akasema kwa upole wake ule, "Mama, hebu nipe niangalie. Kuna sehemu inaonyesha kinachokula."

"Ndiyo, ukafute!"

"Nifute nini, mama?"

"Unajua mwenyewe."

Alibaki pale mlangoni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Ningempa ile simu dakika mbili tu! Ukweli aliniletea mpaka kitandani, nikaufukuza.

Alhamisi akina mama wa kanisani tulikuwa na ushirika nyumbani kwa Subilaga, mwenyekiti wetu. Atupele, aliyekuja na Lugano, alisaidia kupika chai, akawa anagawa. Walikuwepo Tumpe kiongozi wa kwaya, Sekela, Ikupa, Kissa, Anyelwisye, Lwitiko na wajane wawili ndugu, Tusekile na Bahati. Wote walikuwa wamekwisha kupewa. Sikuwa nimepanga kusema kitu, nawaambia kweli. Aliponifikia na kikombe, nikakisukuma.

"Mimi sinywi. Mtu anayekula vitu vilivyofungwa kwa kufuli, mkononi mwake sijui kuna nini."

Halafu nikasikia vikombe vinawekwa chini. Kimoja. Kingine. Kingine.

Subilaga akasema, "Juba, neno hilo ni zito. Unataka kusema binti huyu ni mchawi?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningesema hapana, nina hasira tu. Nikasema, "Jina umelitaja wewe. Mimi sijakataa."

Atupele aliweka birika sakafuni taratibu. "Mama, kwa bando?" Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayezuia kilio. "Kweli, mama? Bando?" Akamweka Lugano mgongoni akatoka.

Na mimi, mtu mzima, nikajiona nimeshinda!

Baada ya hapo sikuhitaji kusema tena, maneno yalitembea yenyewe. Msiba ulipotokea kwa mzee Asajile, Atupele alikwenda jikoni na kisu chake kama wanawake wote. Kissa akamwambia, "Wewe pumzika tu, mama Lugano, leo tuko wengi." Hatukuwa wengi. Nilikuwepo, nikajifanya napuliza moto. Atupele akakaa peke yake kwenye kona ya uwanja na kisu mapajani mpaka maziko.

Wiki iliyofuata alifunga mizigo akarudi kwa wazazi wake, Igogwe. Mvua ilikuwa inanyesha. Lugano akanipungia mkono kutoka mgongoni, akasema, "Bibi, twende!" Sikutoka hata barazani.

Sasa sikilizeni. Nikabaki peke yangu na sanduku langu. Jumatatu bando likaingia. Jumanne likaisha!

Mwenye akili angejiuliza. Mimi nikamwita Sekela. Sekela akasema, "Anavuta kutoka Igogwe. Hawa hawaangalii umbali." Nikaamini!

Nikapanda bodaboda mpaka Tukuyu mjini, mtaa wa Bagamoyo, kwa fundi simu mmoja msichana anaitwa Bupe. Nikamwambia nataka amfungie mke wa mwanangu asiendelee kuninyonya kutoka Igogwe.

Bupe alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Bibi! Kutoka Igogwe? Hotspoti haivuki hata shamba lako la migomba!"

"Usinicheke. Fungia."

Akafuta machozi, akaingia kwenye setingi, akafungua palipoandikwa matumizi ya data. Akanisogezea. "Haya, wewe si unasema unasoma. Soma mwenyewe. Kila mlaji yuko hapa kwa jina lake na alichokula."

Nikasoma. Aliyeongoza ni ile programu ya meseji yenye grupu la kwaya yetu. Video! Tumpe na wenzake wanarekodi kila zoezi wanatupa kwenye grupu, na simu inazishusha zote yenyewe, uzifungue usizifungue. Wa pili ni picha, zinajituma zenyewe kwenda kuhifadhiwa sijui wapi huko juu. Wa tatu ni programu zinajisasisha, hata za michezo ambayo siijui. Bupe akanionyesha na siku zake. Zilikuwa zile zile ambazo simu ilikuwa ndani ya kitenge.

"Na hotspoti yako hii hapa," akasema. "Sifuri. Haijawahi kuwashwa tangu uinunue."

"Hata ikiwa sandukuni imekula?"

"Bibi yangu, sanduku linazuia panya. Data umeiacha inawaka."

Akanizimia zile video zisijishushe. Akaweka kiokoa data. Akaweka na kikomo: matumizi yakikaribia, simu inanionya, yakifika, data inajizima. Akanifundisha kuizima kwa kidole, nikarudia mara nne mbele yake. Kazi yote hata uji haujachemka imekwisha. Kazi ambayo Atupele aliomba kunifanyia bure!

Nilirudi nyumbani nimejifunika khanga mpaka usoni. Na hapa ndipo kosa langu la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nilikuwa sijui.

Nilinyamaza.

Wiki iliyofuata bando lilifika Jumapili, likabaki. Nikamwona mwanangu. Amekonda. Nilikuwa nimemwambia nakwenda kwa fundi, akaniuliza, "Mama, fundi amesemaje?"

"Amesema simu ilikuwa na ubovu kidogo."

"Na Atupele je?"

"Atarudi akitaka."

Alinitazama muda mrefu. Ndiyo ubaya wa simu hizi, mtu anakuona unavyosema uongo. Akasema tu, "Sawa, mama," akakata.

Wiki tatu nilikaa hivyo. Nilikuwa najiambia nitasema, lakini nitasemaje? Bibi mzima nisimame niseme nilimwita binti mchawi kumbe ni kwaya? Nikaona afadhali yapoe yenyewe.

Hayakupoa. Siku moja Sekela akaja anacheka. "Umesikia ya Igogwe, juba? Watoto wa shule ya awali wamekataa kukaa benchi moja na Lugano. Wanasema atawanyonya!"

Ee Kyala! Mungu wangu! Mtoto wa miaka minne! Neno langu limevuka milima, limemkuta kwenye benchi!

Sekela akashangaa nalia. "Kwani si ulisema mwenyewe?"

Ndiyo. Nilisema mwenyewe.

Alhamisi nikasimama mbele ya akina mama wale wale. Nikaeleza yote, nikafungua setingi nikawapitishia simu. "Oneni! Aliyekula ni grupu la kwaya!"

Tumpe akaruka. "Kwa hiyo nyimbo za Bwana ndizo zinaiba?"

"Sijasema zinaiba, nimesema video..."

"Kaa chini, juba, umechoka," Subilaga akaniambia kwa huruma, kama anaongea na mgonjwa. Na nyuma yangu nikamsikia Sekela, tena hakunong'ona: "Mnaona? Atupele ameshamgeuza maneno. Amemlisha kitu."

Wakatikisa vichwa! Yaani toba yangu ndiyo ikawa ushahidi wa pili! Nikisema ni mchawi, ni mchawi. Nikisema siyo, ameniloga niseme siyo. Ndiyo maana naandika huku, labda wakiyaona haya yamechapwa wataamini. Nimeandika kwenye daftari, Bupe amepiga picha kurasa akatuma.

Kesho yake, Ijumaa, nilikwenda Igogwe. Atupele alinipokea kwa adabu zote, akapiga goti kunisalimia. Hiyo adabu iliniumiza kuliko angenitukana. Nikasema mbele ya baba yake na mama yake, sikubakiza: kitenge, kikombe, jikoni kwa mzee Asajile, uongo niliomwambia Ambokile. Kwetu ukienda kupatana husemi nusu. Ukibakiza kitu tumboni, hujapatana.

Baba yake akaniuliza, "Umemaliza, dada?"

"Nimemaliza."

"Basi na sisi tumesikia."

Mama yake akaleta ndizi na maharage. Atupele alikuwa amesimama karibu na sufuria, lakini hakupakua. Alimwachia mama yake anipakulie.

Nikamwambia, "Nipakulie wewe, mwanangu. Nataka nile mkononi mwako."

Akatikisa kichwa. "Nimekusamehe, mama, na siyo kwa mdomo tu. Ila chakula sikuwekei tena. Kesho ukiumwa hata jino, watasema ni mimi."

"Nitakataa! Nitawaambia!"

"Ulishawaambia, mama. Wamesemaje?"

"Mwisho wa mwezi Ambokile anakuja kutuchukua," akaendelea. "Tunahamia naye Chunya. Kule hakuna anayenijua. Nitapika, watu watakula."

Alisema hivyo kwa furaha, jamani. Mke wa mwanangu anafurahia kwenda mahali ambapo hajulikani!

Wenzangu, hasa nyinyi mabibi na mababu mlioletewa simu hizi na watoto. Bando likiisha, ingia setingi, fungua matumizi ya data, soma walaji mmoja mmoja. Zima video za magrupu zisijishushe. Weka kikomo. Ukiweka simu pembeni, zima data. Kama hujui, mwulize mtu wa ndani ya nyumba yako, na akisema nipe niangalie, mpe! Wala usione aibu ya kutojua. Aibu ya kutojua ni ndogo kuliko ya kumsingizia mtu, mimi nimezionja zote mbili.

Na ukikuta ulimkosea mtu, sema siku hiyo hiyo. Usisubiri yapoe. Hizo wiki tatu nilizonyamaza ndizo zilizolifikisha neno kwa Lugano.

Sasa natembea nyumba kwa nyumba kulifuta neno langu, na simu yangu na fimbo yangu. Nilianza kwa Ikupa, nikaenda kwa Kissa, kwa Lwitiko, kwa Tusekile. Wananikaribisha, wananisikiliza, wananipa pole. Jana nilikuwa nyumba ya tisa. Nilipotoka nikamsikia mwenye nyumba anamwambia bintiye, "Maskini bibi wa watu, alivyokuwa na akili zake."

Kumwita mchawi nilitumia pumzi moja tu. Leo naenda nyumba ya kumi.