Koti la Daktari Radiša

Tangu Septemba Dunja alikuwa akitapika kila asubuhi kabla ya shule, na baba yake, Miroljub, fundi wa lifti mjini Niš, alikuwa bado hajajua kama huo ni ugonjwa au ni akili kuzidi.

Shule yenyewe si ya mchezo. Ndiyo ile ya vipaji vya hesabu. Ukiitaja kwenye foleni ya mkate, watu wanakupisha. Miroljub, ambaye miaka yote aliitwa "wewe wa lifti", sasa alikuwa "baba yake Dunja", na utamu wa jina hilo asikwambie mtu. Mkewe Verica alitaka mtoto atolewe. Leo Miroljub humuunga mkono mkewe, kesho huitetea shule, keshokutwa hujifungia ndani ya lifti mbovu na kusingizia nyaya.

Ikafika siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wao. Siku hiyo mtoto huruhusiwa kubaki nyumbani, na mgeni haalikwi: huja mwenyewe, akaonja ngano tamu, akala samaki na maharage, akanywa rakia, ile pombe kali ya matunda, kisha akatoa ushauri ambao hakuombwa. Makoti ya wageni hurundikwa kitandani kwa Dunja.

Wa kwanza kushauri alikuwa Radiša, daktari wa meno, baba wa ubatizo wa Dunja. Sifa za shule ile alikuwa akiwahubiria wagonjwa wake wakiwa wameachama, wasiweze kubisha.

"Binti yangu bado analialia?"

"Nywele zinamtoka, Radiša," Verica akasema.

"Zangu si zilishatoka zote? Nimekufa?"

Wageni wakaangua kicheko. Miroljub naye akacheka, akaona uso wa mkewe, akaacha, mdomo ukabaki wazi bila kazi.

Jioni Radiša akaomba koti lake. Miroljub akaingia chumbani. Dunja alikuwa chini ya lile rundo lote, kichwa tu nje, anakoroma kama mzee wa kazi, na mate yanadondokea kola ya manyoya ya daktari. Wiki nzima yeye na Verica walikuwa wakimsikia akigaagaa mpaka alfajiri. Miroljub akanyoosha mkono, akaurudisha. Akanyoosha tena. Akatoka mikono mitupu.

"Koti langu?"

"Linatumika."

"Na nani?"

"Dunja. Amelala."

"Mwamshe basi! Kesho si ana mtihani?"

Kwao, padri unaweza kumkatalia, na mama mkwe ukiwa na mbio. Baba wa ubatizo hakataliwi. Miroljub akafungua kinywa aseme sawa.

"Hapana."

Alishtuka yeye kuliko wote.

"Langu lenyewe liko chini kabisa," akasema shangazi Desanka. "Nipeni samaki mwingine."

Radiša akawa mwekundu. "Kwa hiyo mtihani hafanyi?"

"Sijui."

"Unamtoa shule?"

"Sijui, bwana! Unaniuliza kama nani? Ninachojua, koti sikupi."

"Miroljub, nilimshika mtoto huyu kanisani, akanikojolea, nikavumilia!"

"Basi vumilia na leo."

Daktari akaondoka ndani ya koti la kazi la mwenye nyumba, lenye grisi mabegani na neno LIFTI mgongoni. Theluji ilikuwa ikianguka. Hakuaga.

Verica akamvuta mumewe jikoni. "Kwa hiyo umeamua?"

"Nadhani nimeamua," Miroljub akasema akijikuna shingo. "Ila sijui nini. Verica, si wataanza tena kuniita yule wa lifti?"

"Watakuita hivyo tu. Wewe ni wa lifti."

Verica akanyata hadi chumbani, akarudi na saa ya kengele ya Dunja, iliyotegwa kumwamsha kwa mtihani. Akaichomoa betri, akaiweka hiyo betri kiganjani mwa mumewe. Miroljub akaitazama kama kipuri cha mashine asiyoijua. Akafikiria kuirudisha. Akafikiria kumkimbilia Radiša. Halafu akaitia mfukoni, akaenda kumwongezea shangazi rakia.