Vigae Vilivyopandwa na Sisimizi

Mwaka niliochumbiwa mama yangu alikuwa na neno moja tu mdomoni: mwanawe hatatolewa kwenye nyumba ya watu. Watu wenyewe ni kaka yake na mkewe, waliotuhifadhi mtaani Mabawa, Tanga, tangu baba alipompa talaka, na ubaya hawakutufanyia hata siku moja. Lakini mama alikwisha kusimamisha kuta zake nyumba ya tatu kutoka pale, vyumba viwili na ukumbi, na ndoa ilipangwa mfungo mosi. Kilichobaki ni paa.

Sasa paa utalitoa wapi? Miaka ile ya foleni bati hulioni dukani hata kwa dawa. Makuti mama hakuyataka, kisa ndiyo aliyozaliwa chini yake. Ndipo akasikia kuna mwalimu wa ufundi, Mshambaa mmoja mpole, anafundisha kina mama kufyatua vigae vya saruji na katani. Akajiandikisha, akaniburuta na mimi, mwali mtarajiwa, nikakoroge saruji.

Mwalimu alitueleza taratibu, macho chini, maana alikuwa peke yake kati ya wanawake kumi na wawili wa Tanga. Saruji ni ngumu, alisema, lakini ukiikunja kidogo inapasuka. Nyuzi za katani ndizo zinazoishika isiachane.

"Basi saruji mume, katani mke," akasema mkaza mjomba, ambaye kwa mama ni wifi, naye alikuja kutucheka tu. Wanawake wakaangua kicheko, mwalimu akasahau alipofika.

Kazi yenyewe ilikuwa raha. Unamwaga uji mzito kwenye fremu ya mbao juu ya meza, kisha meza inagongwa mpaka hewa yote itoke. Basi tukagonga. Siku ya pili meza ilikuwa na mahadhi yake, mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, na mimi mwali mzima nakata kiuno na saruji mpaka viwikoni. Mwalimu aliomba tugonge kwa kiasi. Wapi.

Tatizo likawa katani. Mkonge umeizunguka Tanga yote, lakini ulikuwa wa mashamba makubwa, na ukikutwa na kitita chake njiani waweza kuitwa mhujumu uchumi. Mama akapata akili. Akakusanya magunia makuukuu ya katani mtaani, tukakaa barazani tukayafumua uzi mmoja mmoja, tukazikatakata zile nyuzi, tukafyatua vigae themanini. Tukavifunika na kuvilowesha kama tulivyofundishwa.

Siku ya nne nilikwenda kuvimwagia maji, nikakuta sisimizi. Mstari mrefu, wenye adabu kuliko foleni yoyote ya duka la ushirika, unatoka ukutani mpaka kwenye vigae vyetu na kurudi. Nikainua kigae kimoja. Nusu ikabaki mkononi, nusu ikamwagika kama kashata iliyokataa kushika.

Mwalimu alichomoa uzi, akaunusa, akauliza magunia yale yalibeba nini. Mama akasema sukari. Mwalimu akashika kichwa. Saruji haipatani na sukari, alisema, chembe tu inaifanya igome kukaza. Na sisi chai tulikuwa tunainywa bila sukari mwezi wa tatu huo, kumbe tunayo kwenye paa.

Mama akakaa chini mchangani. Saruji inatengenezwa Tanga hapahapa, lakini kupata mfuko mpaka kibali, na kibali alikisotea mpaka viatu vikaisha. Ilibaki mifuko miwili, haitoshi hata upande mmoja wa paa. Nilidhani atalia. Akawatazama sisimizi, akasema, "Wenzetu wameshaanza karamu." Akacheka, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, na huku nilikuwa namwonea uchungu vibaya sana.

Mkaza mjomba siku hiyo hakucheka. Aliondoka, akarudi na mkokoteni una mifuko minne, saruji aliyoiweka kwa ajili ya sakafu yake mwenyewe.

"Usinishukuru, wifi," akasema. "Nimechoka kukuona jikoni kwangu. Hama."

Kisha akajifunga kanga kiunoni, akafua zile nyuzi zilizobaki maji matatu kwa mkono wake, akiapa kwamba yale maji yangetosha chai ya mtaa mzima.

Vigae vya pili vilishika. Vilipokwisha kulowa wiki nzima, mwalimu aliweka kimoja juu ya matofali mawili, akaomba mtu akipande. Mkaza mjomba, na mwili wake ule wa haja, akapanda, akatikisa mabega. Kigae hakikulia hata kidogo. Tukaezeka. Baadaye, ruksa ya biashara ilipoingia na bati likajaa madukani, watu walimshauri mama aezue aweke bati. Alikataa katakata.

Siku ya ndoa watu wa bwana harusi walifika kutoka Ushongo, wakapiga hodi. Mimi nilikuwa chumbani, nimefunikwa, nasubiri waitikiwe. Wakapiga hodi ya pili. Nikachungulia. Mama amesimama katikati ya ukumbi na sinia mkononi, anamtazama wifi yake amjibie. Miaka tisa hodi haikuwa yake kuiitikia, aliitikia mwenye nyumba.

Mkaza mjomba akaziba mdomo kwa kanga, akamfinya kiunoni. "Unaulizwa wewe."

Mama akaweka sinia chini. "Karibuni," akasema. Akakohoa, akarudia kwa nguvu mpaka jirani wakasikia.

"Karibuni kwangu."