Kabula na seva tuliyoipeleka Maswa

Jamani, Kabula ametutoka. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaiandika tena, na bado naisoma kama habari ya mtu mwingine.

Wengi mnaotuma pole mlimjua kanisani au sokoni hapa Bariadi. Mimi nilifanya naye kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Yeye mkuu wa IT, mimi msaidizi wake, ofisi moja, feni moja.

Kicheko chake! Akicheka, makarani wa mizani huko nje walikuwa wanageuka kuangalia kuna nini.

Enzi zile biashara ya pamba ilikuwa imeshaachiwa watu binafsi. Kila upande wa mji kuna mnunuzi. Mkulima akiona foleni haisogei, anageuza ng'ombe wake anakwenda kwa jirani.

Kabula akamshawishi bosi anunue seva mpya, ya bit 64. Programu yetu ya kupima pamba na kutoa risiti ilikuwa ya zamani, ya bit 32, lakini muuzaji wa Mwanza alituhakikishia itafanya kazi bila shida. Tukaijaribu kwa risiti chache, tukaona sawa.

Kwenye kikao cha wafanyakazi alisimama na kitenge kipya, akasema, "Msimu huu mkulima hatachoka kwenye foleni yetu." Tukampigia makofi.

Seva ya zamani tukaipeleka shule moja ya sekondari kule Maswa. Hotuba, kwaya, picha. Mkuu wa shule akatupa na jogoo.

Halafu ikaja siku ya kufungua ununuzi. Loh!

Mkulima anaweka pamba kwenye mizani, karani anabonyeza, tunasubiri. Tunasubiri tena. Risiti haitoki.

Programu haikuwa mbovu, na seva haikuwa mbovu. Ila chip ya seva ile mpya ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Amri za bit 32 ilikuwa haizielewi mpaka zitafsiriwe kwanza, na kutafsiri kulikula muda wote. Mashine kubwa, ya kisasa, ikawa inaburuza miguu kuliko ile kuukuu tuliyoigawa.

Mzee mmoja wa Ipililo aliyekuwa mbele kwenye foleni alisema kwa upole tu, "Mayu, mama yangu, ng'ombe wangu wana kiu." Akageuza mkokoteni. Wengine wakamfuata.

Bosi akafoka mbele ya wote. "Kabula! Hii ndiyo kasi uliyotuahidi?"

Nilimwona anashika kitambulisho chake cha kazi kifuani, anakigeuza ili jina liangalie ndani.

"Masanja," akaniambia, "twende Maswa."

"Kufanya nini?"

"Kuomba ile seva."

"Dada, tuliitoa kwa kwaya na picha!"

"Ndiyo maana nakwenda mwenyewe. Sitatuma mtu."

Tukaondoka na gari la kiwanda.

Tulikuta seva iko kwenye meza ya peke yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Wanafunzi walikuwa darasani humo humo. Wakasimama wote, "Welcome, madam!" Nyuso zinang'aa. Walidhani tumewaletea nyingine.

Nilitamani sakafu inifiche. Yeye alipiga goti mbele ya mkuu wa shule, lile goti la mtoto kwa baba yake, watoto wa watu wakitazama.

"Mwadila, baba," akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Karibuni."

"Baba, nimekosea. Nimenunua mashine isiyoelewana na programu yetu, na wakulima wanaondoka. Naomba mniazime kile tulichowapa. Msimu ukiisha nitakirudisha mwenyewe."

Mwalimu akawageukia wanafunzi. Kisha akasema, "Chomoeni nyaya."

Akatusindikiza hadi kwenye gari, akaifunika seva kwa kile kitambaa kwa mikono yake. "Barabara ina vumbi," akasema.

Hapo ndipo Kabula alipolia. Akalia mpaka tunaingia Bariadi. "Bora angenitukana, Masanja. Bora angenitukana."

Kesho yake foleni ikaanza kusogea. Siyo wote waliorudi, lakini wengi walirudi.

Msimu ulipoisha aliirudisha seva Maswa, akakataa kwaya, akakataa picha. Programu ikaja kuandikwa upya kwa ajili ya mashine mpya, na hapo kweli ikakimbia kama alivyoahidi. Watu wakampongeza. Aliitikia huku anatazama viatu vyake.

Miaka yote iliyofuata, tukisafiri kwenda Shinyanga kikazi, tukikaribia shule ile aligeuzia uso dirisha la upande wa pili. Hata hospitalini, sauti imeshaisha, aliniambia, "Wale watoto walidhani tumewaletea nyingine."

Na mimi nilikuwa nimesimama pale. Naandika hapa na masikio yananiwaka.

Jana nilimpigia simu yule mwalimu kumpa taarifa ya msiba. Siku hizi amestaafu. Nilianza kumweleza ni Kabula yupi, nikawa najikwaa, sijui nianzie wapi bila kuitaja siku ile.

Akanikatiza. "Yule mama aliyerudi?"

"Aliyerudi wapi, mwalimu?"

"Aliyeirudisha seva. Tuliahidiwa mengi pale shuleni, kijana wangu. Watu wanapiga picha, wanaondoka. Yeye alisema atarudi, akarudi."

Akauliza mazishi yako wapi, anataka kuja.

Kabula, umeondoka hujaisikia hiyo. Ulifokewa mbele za watu, basi na hili ngoja nikuambie mbele za watu: inua uso, dada yangu.

Wabeja, asante sana. Pumzika sasa.