Mkamwana Aliyecheka Peke Yake

Mtu mzima kucheka peke yake ndani ya nyumba, mlango umerudishwa, si jambo dogo mjini Koboko, huku mpakani mwa Sudan na Zaire. Sikulijua hilo nilipoolewa huko mwishoni mwa miaka ya themanini, nikitokea Ediofe, ambako masista walituzoesha kusoma kila kilichokuwa na jalada. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yangu mimi ilikuwa riwaya.

Niliichomoa kwenye rundo la mitumba sokoni Arua, katikati ya makoti. Ilikuwa ya Kiingereza, habari za mpelelezi wa kike katika mji mkubwa, na msaidizi wake ni maiti. Maiti mwenyewe mlalamishi: anaogopa mbwa, hapendi baridi, na anataka kujua ni nani aliyemuua. Wachawi wa mji ule walikamatwa na trafiki kwa kuruka bila taa. Nilivipenda vitabu vya namna hiyo kupita kiasi. Tangu mwaka wa sabini na tisa, vita vilipotukimbiza hadi Zaire na magodoro kichwani, nilikuwa mtu wa kushtuka hata kuni zikipasuka motoni. Humo ndani woga ulichekesha, na mimi nilihitaji hilo kuliko chumvi.

Basi nikawa nasoma mchana mihogo ikichemka, mume wangu dereva yuko njia ya Sudan. Nilicheka hadi machozi. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akapita nje akanisikia. Wiki hiyohiyo mtoto wake akaanza kuharisha.

Hakuna aliyeniambia kitu, na hilo ndilo lililonitisha. Mama mkwe aliacha tu kula chakula changu. Nilionja mboga mbele yake, kama mpishi anavyofanya kwetu ili anayekula asiwe na wasiwasi, naye akasema ameshiba. Tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni, ameshiba nini? Nilielewa: kicheko changu na tumbo la mtoto vilikuwa vimeunganishwa. Sumu ni neno ambalo halisemwi kwa sauti huku kwetu. Nilimjua mwanamke aliyesingiziwa, akaondoka kwa mumewe na mkeka tu, na kwao pia hawakumfungulia mlango. Nilitia chumvi mara mbili, nikaimwaga mboga, kisha nikaogopa kwamba wameniona nikiimwaga.

Alasiri moja mama mkwe akaja mlangoni kwangu na wifi, pamoja na baba mdogo wa mume wangu, aliyekuwa askari zamani. Nikapiga magoti kuwaamkia.

"Leta ile kitabu," mama mkwe akasema. "Ile yenye unacheka nayo."

"Mama, iko hadithi tu."

"Soma. Na Swahili, sisi wote tunasikia."

Wao walikuwa Wakakwa, mimi Mlugbara. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Nikafungua nikitafuta ukurasa usio na mfu, sikuupata. Nikasoma pale maiti anapokwenda polisi kuripoti kifo chake, na askari anamdai kipande cha utambulisho kwanza. Maiti anajibu kwamba kipande kimezikwa pamoja na koti.

Baba mdogo akacheka hadi akakohoa. "Haki ya Mungu, hiyo iko askari kabisa! Hata mutu amekufa, yeye anauliza kipande!"

Nikapata pumzi. Lakini mama mkwe hakucheka.

"Na hiyo mutu," akauliza, "nani aliua yeye?"

Kitabu nilikuwa nimekwisha kukimaliza, hapo nilikuwa narudia. Muuaji alikuwa mkamwana wa huyo maiti, mke wa mwanawe, aliyekaa nyumba moja na mkwewe akampikia. Nilitaka kusema majambazi, nikaogopa uso wangu utanisaliti. Wifi alikuwa ananitazama bila kupepesa, na mwongo akikamatwa, hana tena wa kumtetea.

"Iko bibi ya mutoto yake, mama," nikasema. "Aliweka sumu ndani ya supu."

Wifi akaruka juu. "Mimi nilisema! Si nilisema?"

Mama mkwe akainua kidole kumzuia.

"Na huyo bibi, yeye anacheka?"

Swali hilo sikulitarajia. Nikakipitia kitabu chote kichwani. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, mpole, anayemuuliza kila mtu habari za afya yake.

"Hapana, mama. Kitabu muzima, yeye hapana cheka hata mara moja."

"Mm." Akanyoosha miguu yake. "Watu ya sumu iko hivyo. Kimya, na salamu muzuri." Akamgeukia wifi. "Wewe kaa chini. Mutoto alikula mapera mubichi, mimi niliona." Kisha akanigeukia mimi. "Leta chakula. Halafu soma mbele."

Nikaleta ugali wa muhogo na majani ya kunde, nikaonja. Akamega, akachovya, akatia mdomoni. Katika vitabu vyote nilivyosoma hakuna kilichonitisha kama tonge lile. Alikuwa ameniamini mbele ya watu, na sasa akipaliwa tu, nimekwisha. Nikakaa, kitabu kimefunguka magotini, herufi sizioni, macho yangu kwenye koo lake, nikimwomba Mungu amwepushe mama huyu na kokoto, na mchanga, na kwikwi.