Mpira Wenye Kiraka cha Ulimi wa Kiatu

Kama hujawahi kuona mtu akiupaka mpira mafuta kama anavyopakwa mtoto mchanga, basi hukuishi kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Kabiro, mwaka wa 1974.

Mtu mwenyewe ni Nicanor, ambaye sote tulimwita Baba Aoko. Mchana alikata nyasi kwenye klabu moja ya michezo ng'ambo ya Ngong Road. Jioni alirudi na vitu ambavyo wenyewe wamevitupa: magongo ya hoki yaliyopasuka, raketi zisizo na nyuzi, glavu za ndondi zilizotafunwa na panya. Anavisafisha, anavigundisha, anavishona, kisha anavitundika ukutani. Havikuwa vya kuuza. Nikamuuliza, basi ni vya nini? Akaniangalia kama nimemuuliza jua ni la nini.

"Watu walipiga kelele kwa sababu ya hivi vitu, bwana! Sasa vioze tu?"

Shida ni kwamba chumba kilikuwa kimoja, na Filister, mkewe, alikuwa karibu kujifungua.

"Baba Aoko, huyu mtoto atalala wapi? Ndani ya glavu?"

"Glavu ni laini, Mama Aoko."

Filister alicheka mpaka akashika tumbo, lakini uamuzi wake haukubadilika: Jumapili ikiisha na vitu bado viko ndani, vya mbao vyote vinaenda kwa Magdaline, yule wa kukaanga mandazi langoni, viwe kuni. Magdaline naye hakuwa na haya. Alikuwa anapita mlangoni akiyapima magongo kwa macho. "Hilo la huko mwisho," anasema, "litawaka vizuri sana."

Nyuma ya ploti kulikuwa na stoo tupu, ya wakati Mzee Thuo, mwenye ploti, alikuwa akifuga ng'ombe wa maziwa. Baba Aoko alimwomba hiyo stoo. Mzee akamjibu, "Stoo yangu si jalala, Nicanor."

Wiki hiyohiyo, badala ya kupunguza vitu, Baba Aoko akaongeza! Alirudi kutoka Kibera, pande za Kianda, na mpira wa zamani wa ngozi, ule wa kufungwa kamba mdomoni kama kiatu. Nyanya mmoja alikuwa ameutumia kuzibia tundu kwenye kibanda cha kuku. Ulikuwa mgumu kama ubao, na ubavuni ulikuwa na kiraka cheusi kilichoshonwa kombokombo.

"Hicho kiraka si uking'oe uweke kizuri?" Filister akamwambia.

"Zi, hakitoki. Kiraka nacho kilicheza."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kushona palipofumuka, lakini alichoshona mwenzake wa zamani hakigusi. Akaweka kibofu kipya cha upepo ndani, akaomba mafuta ya kondoo kwa Wagaki, mke wa Mzee Thuo, akausugua mpaka ukang'aa. Jumapili asubuhi akauweka juani juu ya stuli, mafuta yaingie.

Alisahau kitu kimoja tu. Mpira uliopakwa mafuta ya kondoo unanukia nyama, na Mzee Thuo ana mbwa.

Bobi aliujaribu kwa meno, mdomo haukutosha. Basi akauangusha, akausukuma kwa pua, kona hadi kona! Baba Aoko nyuma yake na kandambili moja, sisi nyuma ya Baba Aoko, Magdaline akiinua karai la mafuta juu na kupiga mayowe. Langoni Mzee Thuo alikuwa ndio anaingia kutoka kanisani, suti, kofia na bakora.

Mpira ukamfikia. Mzee akaukanyaga, akautuliza. Akatupa bakora. Akaupiga! Ukapita juu ya kamba ya nguo, ukagonga bati la choo, ukarudi ukidunda.

"Uzi! Uzi!" Baba Aoko alilia, akaukimbilia. Hakuna uzi uliokatika.

Mzee akauchukua akicheka, akaugeuza, kicheko kikakatika.

"Nicanor. Hii umetoa wapi?"

"Kibera, mzee."

"Kibera! Si nilijua!" Akatugeukia. "Mwaka mmoja baada ya uhuru tulicheza mechi na watu wa huko. Mpira ukachanwa na seng'enge, hakuna ngozi ya kuziba. Nikakata ulimi wa kiatu changu, nikashona mwenyewe. Wakatufunga, halafu wakaenda na mpira wetu!"

"Kumbe!" Wagaki akasema. "Ndiyo maana ulirudi na kiatu kimeachama kama samaki, ukaniambia ni jiwe!"

Tulicheka mpaka Bobi akabweka. Mzee alikuwa bado anapapasa kile kiraka kwa kidole gumba.

"Ungeking'oa, ningeujuaje?" Akatoa funguo mfukoni. "Stoo chukua. Lakini huu ukae juu kabisa, watu wa Kibera wasiufikie."

Filister hakungoja kuambiwa. Alikumbatia magongo ya hoki, tumbo mbele, akapita nayo taratibu mbele ya Magdaline.

"Sasa mimi nitapikia nini?"

"Makaa, dadangu, kama watu wengine!"