Paa Lililotua Migombani

Mimi Nyanchera sipendi kusikia watu wakisema mama yangu alikuwa na kichwa kigumu. Alikuwa nacho, ndiyo, lakini waseme na sababu.

Mama, jina lake Persis, alifiwa na mume mwaka 1949, hapa Manga, juu kabisa mlimani. Matanga hayajapoa, baba yangu mdogo Machogu akaja na maneno matamu: mjane hawezi kukaa peke yake, ahamie bomani kwake, shamba atalitunza yeye. Tulijua fika angelitunza vipi. Mama alimjibu kwamba ana Mungu wake na jembe lake, na nyumba atajenga mwenyewe.

Aliuza wimbi misimu mitatu, akanunua mabati. Fundi alikuwa Abner Ratemo, bingwa wa kuezeka nyasi, mwenye mikono mizuri na mdomo wa kujisifu. Nyumba ilikuwa ya pembe nne, ila Abner aliijenga alivyozoea. Aliliketisha paa juu ya ukuta wa udongo, akaacha upenyo wa moshi kati ya ukuta na paa, na upenu mpana wa kukalia jua likiwa kali.

Mwezi wa tatu, alasiri moja, upepo ulipanda kutoka bondeni. Ulinyanyua paa zima kama kifuniko cha chungu, ukalitua kwenye migomba yetu. Ukuta ulibaki umesimama.

Machogu alifika kabla hatujamaliza kuokota vyombo. "Mlima umekukataa, shemeji," akasema. "Mvua za masika hizi hapa. Hamia kwangu."

Nililia, maana tukihama tu, shamba limekwenda. Mama hakulia. Alishuka migombani akalizunguka lile paa, akivuta msumari mmoja baada ya mwingine. Hakuna uliochomoka.

"Misumari ilikuwa mifupi," Abner akasema. "Tutaongeza, na mawe juu."

"Misumari haina kosa. Bati limeshika mbao vizuri, mbao ndizo hazikushika kitu." Mama akamgeukia. "Abner, nyasi za nyumba yangu ya kwanza zilibebwa na nani?"

"Wanawake. Si ndiyo kawaida?"

"Basi. Wewe ulipokea huko juu kitita kimoja kimoja. Mimi nilivibeba vyote kwa mgongo huu, siku tisa, kutoka bondeni. Zile nyasi zilijikalia kwa uzito wake. Mabati haya tuliyabeba kwa asubuhi moja. Kitu chepesi hivi unakiacha kikae bila kufungwa?"

Abner alinuna siku mbili. Fundi kufundishwa na mwanamke aliyezoea kumletea nyasi si jambo la kumeza upesi. Siku ya tatu akaja na waya wa seng'enge, akaanza kuchimba.

Nguzo mpya zilizama ardhini kina cha kumfika mtu kiunoni, kila moja imepigiliwa gogo la kukingama chini isichomoke. Kutoka kila nguzo waya ulipanda, ukazunguka mbao za paa, ukakazwa. Mama mwenyewe aliukata ule upenu akaubakiza mfupi, kwa sababu ndipo upepo ulipopata pa kushika. Kisha akaziba upenyo wa moshi kwa udongo, upepo usiingie chini ya paa. Machogu alipita kila siku akicheka: shemeji anafunga nyumba kama ng'ombe mkorofi. Mama alizidi kukaza waya.

Wiki mbili baadaye mbingu iligeuka nyeusi mchana kweupe. Machogu alikuwa njiani, anakuja kututazama tukiumbuka, hilo nasema wazi. Mvua ya mawe ilimkuta nje, akakimbilia ndani kwetu.

Upepo ulipopiga, nyaya zililia, udongo ukatudondokea vichwani. Mama alikuwa akimenya viazi, macho juu. Machogu alikumbatia nguzo. Mara moja niliona paa likiinuka kiasi cha unene wa kidole. Likavuta, likavuta, kisha likarudi chini.

Mvua ilipokatika, migomba yote ilikuwa imelala. Machogu akainuka, akajipangusa udongo, akaelekea mlangoni bila kumtazama mtu.

"Kaa, shemeji," mama akasema. "Viazi vinaiva sasa hivi. Kwangu mgeni haondoki na njaa."

Baba mdogo aligeuka pale mlangoni. Kisha akarudi, akaketi alipoonyeshwa, akala.