Zamu ya Nyanya Kwenye Barabara ya 212

Juzi nilikwama kwenye taa za Riggs Road, pale inapokatana na University Boulevard, nawe unanijua mimi na foleni. Nilifungua dirisha, nikalifunga, nikabadilisha redio, nikaanza kugongagonga usukani. Halafu nikamwona mwanamke mwenye kitambaa kichwani akitembea kando ya magari, mkono mmoja mgongoni. Nyanya alitembea hivyo hivyo, na kwa kweli nilimkumbuka hadi nikaumia.

Riggs Road ni barabara fupi tu ya jimbo la Maryland, namba 212. Inaanzia mpakani mwa Washington, inapanda kupitia Chillum na Langley Park, inaikata Adelphi, kisha huko juu inabadili jina na kuishia Beltsville. Miaka ile ya elfu mbili na kitu tulikaa Adelphi, kwenye majengo ya matofali yenye harufu ya vitunguu vya kila taifa ngazini. Mama alikuwa akitunza wazee wa watu, zamu mbili kwa siku. Ndiyo maana alimleta nyanya kutoka Kakamega, aniangalie.

Shida ni kwamba nyanya hakujua kutulia. Kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ameshafagia zulia kwa mkono, amepika uji, amesugua sufuria zilizokuwa safi, na sasa anazunguka sebuleni. Kila aliyeingia, nyanya alimuuliza, "Hii barabara inaenda wapi?" Hakuna aliyejua. Mama aliijua hadi kituo chake cha basi. Jirani yetu, mama wa Bukavu aliyesafisha vyumba vya hoteli, aliijua hadi kanisani.

"Mama, batu ba hapa habatembeake na miguu," jirani alimwonya kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Hii route itakuua."

Nyanya alicheka, akavaa viatu, akamsindikiza. Kwao mgeni haachwi mlangoni. Unamfikisha njiani, naye anageuka kukurudisha kidogo, nawe unamtoa tena, mpaka mmoja wenu aseme, "Rudi sasa." Wageni wetu walikuja na magari, lakini nyanya hakujali. Waliyaacha, wakatembea naye kwenye nyasi huku malori yakiwapepea, halafu wakarudi kuyachukua.

Mwezi wake wa tatu pale akaanza kutaja nyumbani. Akawa hamalizi chakula. Mama alilia bafuni, bomba likiwa wazi ili nisisikie, nami nikasikia. Nilikuwa na miaka tisa na sikutaka kabisa kurudia maisha ya ufunguo shingoni na fleti isiyo na mtu.

Wiki hiyo mwalimu wetu akatusimulia historia ya barabara. Zamani ilikuwa njia ya mikokoteni, wakulima wakipeleka nafaka kusagwa kwenye kinu cha mawe kando ya kijito, na kinu chenyewe bado kipo. Nilikimbia nyumbani nikihema. Nyanya, kuna mashine ya kusaga! Aliacha kuzunguka. Kwake mashine ya kusaga ilikuwa foleni ya wanawake, umbea, na unga wa moto mkononi.

"Sasa mbona mlinificha?" akauliza.

Jumamosi alijitwika mfuko wa mahindi makavu aliyoyanunua duka la Wasalvador, tukateremka Riggs Road. Madereva walipunguza mwendo kumtazama. Mimi niliona fahari, maana nilijua nimempata: mwenye mahali pa kusagia haondoki.

Kinu kilikuwepo, kizuri kweli. Ndani walikuwa wakifunga maputo. Msichana mmoja akatueleza kwa upole kwamba siku hizi ni ukumbi, hukodishwa kwa sherehe. Nilimtafsiria nyanya kwa Kiswahili changu cha kuchechemea. Akatua mfuko, akapapasa ukuta, akanusa kiganja. Hakikuwa na unga.

"Imenyamaza," akasema. "Mjukuu wangu, mimi nitaenda nyumbani."

Niliyachukia yale maputo. Nilimchukia na mwalimu.

Siku ya safari jirani alikuja na gari lake kumpeleka nyanya uwanja wa ndege. Mimi nilikuwa na shule, kwa hiyo nilimsindikiza nyanya hadi garini tu. Akapanda, akashuka, akanirudisha hadi mlangoni. Nikamtoa tena hadi garini. Akashika mlango ashuke, jirani akawasha injini. "Mama, avion haitatungojea." Nyanya akaniambia dirishani, "Rudi sasa." Sikurudi. Nilisimama kwenye nyasi mpaka gari likapotea mtelemkoni.

Alifariki kabla hatujapata karatasi za kutuwezesha kusafiri. Jirani alihama, majengo yamepakwa rangi nisiyoijua, na kando ya barabara kuna njia ya miguu ya zege ambayo yeye angeimaliza yote kwa siku moja. Mimi hata nikihamia wapi, situlii.

Taa ikawa kijani, wa nyuma wakapiga honi. Aliyesindikiza mara ya mwisho ni mimi. Ilikuwa zamu yake kunirudisha.